Kitabu cha simu ama daftari la chama? Ukitafuta wazee wako Lamu na Malindi uanze na kipi

Kuna binamu yangu anaishi Malindi, juzi kanirushia voisi ya dakika nne kwa wasapu, ukiondoa salamu na habari za mvua swali ni moja tu: anataka kuanza kumtafuta babu wa babu yetu, sasa aanze na zile direktori (vitabu vya orodha ya majina na anwani) za wakati wa mkoloni ama aende moja kwa moja kwa wazee wenye madaftari ya vyama. Nikamjibu kwa voisi yangu ya dakika tisa, akasema hapana, niandikie, sina bando la kusikiliza hotuba. Haya basi.

Nianze na jibu ndo maelezo yafuate. Direktori itakwambia mtu alikua wapi na akifanya kazi gani. Daftari la chama litakwambia ni wa nani. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikiiuliza direktori lile swali la pili, na kila nikikosa jina naona kama babu hakuwahi kuishi duniani.

Ukisoma maelezo ya wazungu ya kutafuta ukoo utachanganyikiwa, manake wao wana sensa za majina. Uingereza zimefunguliwa mpaka ile ya 1921, unaandika jina unaona nyumba nzima, baba, mama, watoto na mtumishi wa jikoni. Kwao direktori ni ya kujazia ile miaka kumi baina ya sensa na sensa. Marekani nako miji ilikua na vitabu vya kila mwaka vinataja mwenye nyumba, kazi yake na namba ya mlango, mpaka mjane anaandikwa na jina la marehemu mumewe pembeni. Sisi hapa watu wote wa Kenya walihesabiwa mara ya kwanza 1948 na tulichoachiwa ni jumla, majina hakuna. Na namba ya mlango, nenda mtaa wa Mkomani hapa Lamu leo umuulize mtu nyumba yake namba ngapi uone atakavyokutizama, atakwambia "pita hapo msikitini, baraza ya pili". Kwa hivyo ile njia ya wazungu ya kuanza na sensa wewe isahau, orodha tulizonazo ndo sensa yetu.

Sasa nikisema direktori mimi natia vitu vitatu ndani ya kapu moja. Cha kwanza ni vitabu vya biashara na anwani kama Red Book, iliyokua ikitolewa Nairobi na kampuni ya East African Standard, kuna ya 1912 na za miaka ya 20 na 30. Sehemu kubwa ni wazungu, maofisa wa serikali na wafanyabiashara wa Kihindi. Kama babu yako alikua mvuvi wa Matondoni usijisumbue kabisa, hutamuona humo hata ukipindua kitabu kichwa chini miguu juu. Kama alikua na duka, ama alikua karani wa mtu mwenye duka, hapo endelea kusoma.

Cha pili ni vitabu vya simu. Vya zamani vilitolewa na posta na simu ya Afrika Mashariki, nchi tatu pamoja, alafu jumuiya ilipovunjika 1977 Kenya ikawa na vyake. Watu wanavidharau kwa sababu wanajua babu zao hawakua na simu. Wa kwangu pia hakua na simu mpaka anazikwa. Lakini kitabu cha simu cha Kenya kinaandika jina, sanduku la posta na mji, na hiyo S.L.P. ndo dhahabu yenyewe, ngoja nikuonyeshe.

Bibi alikua na bahasha moja ya barua, barua yenyewe ilishapotea zamani, bahasha kaiweka kwa sababu ya stempu. Juu yake jina la babu, chini S.L.P. na namba, chini yake Lamu. Sisi nyumbani tukidhani ni sanduku lake, tena tukijisifu, babu alikua na sanduku la posta! Nilipopata kitabu cha simu cha mwisho wa miaka ya 50 (kwa mtu ana vitabu vikuukuu, aliniuzia bei ya kunionea) nikapita kurasa ya Lamu, na kwa kweli haikunichukua muda, majina ni machache na namba za simu fupi fupi za kupitia opereta. Ile namba ya sanduku nikaikuta kwa mfanyabiashara mmoja wa nguo. Kumbe babu alikua akipokea barua kwa tajiri wake, yani aliyemwajiri. Nikatafuta toleo la miaka michache mbele, jina la yule tajiri halipo tena Lamu, liko Malindi. Na babu alihamia Malindi miaka hiyo hiyo! Nyumbani siku zote tumeambiwa alihama kwa sababu aligombana na kakake. Labda aligombana kweli mimi sikuwepo, lakini na duka nalo lilihama.

Hiyo ndo kazi direktori inafanya vizuri kuliko kitu chochote, inamfuata mtu akihama. Unapanga matoleo kwa mwaka, huyu yupo, yupo, yupo, hayupo. Ila angalia isikudanganye. Mwaka ulioandikwa juu ya jalada si mwaka habari zilipokusanywa, zilikusanywa kabla, na mtu anaweza kua ameshakufa na jina lake linaendelea kuchapwa kwa sababu duka linaitwa kwa jina lake. Ukiona jina limetoka usikimbilie kuandika "alifariki mwaka huu", huenda alikosa tu kulipa bili ya simu.

Cha tatu ni Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, na hapa nitakaa kidogo manake watu wa pwani tumeiacha na ina mambo yetu mengi sana. Ilianza 1899, wakati huo hata Kenya haijaitwa Kenya, na matoleo mengi yameskaniwa, yako Google Books bure unasoma kwa simu ukiwa umelala. Humo kuna uteuzi wa maliwali na mamudiri (watawala wa miji ya pwani) na makadhi, kuna matangazo ya mirathi (fulani amefariki, anayemdai ama anayedai haki ajitokeze), kuna hati za shamba zilizopotea. Alafu kuna ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka watu wa pwani wajitokeze waseme shamba hili langu, na madai yale yaliacha makaratasi mengi. Malindi kazi hiyo ilienda mbele zaidi kuliko Lamu, kwa hivyo mwenye asili ya Malindi hapa ana bahati kutuzidi. Na hati ya shamba ikieleza mipaka inataja majirani, kaskazini shamba la fulani bin fulani, kusini la fulani, yani bila kutaka unapewa orodha ya mtaa mzima.

Tabu ya Gazette ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia, alafu kompyuta ikasoma maandishi ya zamani ikakosea tena juu ya makosa ya karani. Usiandike jina moja ukakata tamaa. Athman jaribu Othman, Uthman, Athumani. Swaleh jaribu Saleh na Salehe. Abubakar jaribu Bakari. Shee jaribu Shehe na Sheikh. Na miji pia, Shela imeandikwa Shella, Siyu ni Siu, Malindi nshaiona Melindi. Mimi sasa hivi sianzi na jina kabisa, naandika mji na mwaka na neno moja kama "deceased" ama "title", alafu nasoma kurasa kwa macho. Inachosha lakini inaleta.

Sasa tugeuke upande wa pili, madaftari ya vyama. Na hapa nakwambia wazi mimi nina upendeleo.

Ukisema "orodha ya wanachama" mtu anafikiria klabu ya wazungu wenye kadi. Kwetu vyama ni vya namna yake: chama cha kuzikana cha mtaa, wachangiaji wa maulidi, daftari la madrasa, timu ya mpira, ngoma na lelemama za akina mama, ushirika wa wavuvi, jamaa ya Mabohora (Waislamu wa Kihindi), kamati ya msikiti. Kila moja limeandika majina mahali kwa sababu pesa ilikua ikikusanywa, na pesa ikikusanywa hakuna asiyeandika.

Mimi nilionyeshwa daftari la chama cha kuzikana cha Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Mzee alilitoa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, limefungwa kwa kipande cha leso, kaunta buku lile refu la mgongo mwekundu, mchwa wameanza kula pembe ya chini. Nusu ya mwanzo imeandikwa Kiswahili kwa herufi za kiarabu, nusu ya mwisho herufi za kizungu, utaona kabisa siku karani alipobadilika. Kila mstari una jina, tena jina kamili, fulani bin fulani bin fulani, mara nyingine na bin ya nne, alafu mtaa, alafu vijistari vya ada, senti hamsini kila mwezi. Aliyekufa amepigiwa mstari wa wino mwekundu, juu yake neno "marhum" na tarehe ya kiislamu. Na chini yake, hapa nilishika kichwa, jina la anayeingia badala yake na maneno "mahali pa babake". Yani unasoma vizazi viwili vikipokezana kijiti kwenye kurasa moja! Kitabu gani cha simu kitakupa hiyo?

Mstari wa babu niliukuta kurasa ya kumi na kitu. Mzee alikua akisoma ile hati ya kiarabu mbio kama anasoma gazeti, mimi nikifuata kwa kidole. Mambo mawili yalitoka. Moja, bin yake ya tatu si ile tunayoitaja nyumbani. Sisi tunataja Omar, daftari limeandika Kombo. Nikamuuliza mzee akacheka, akasema Kombo ni la mtaani, la utotoni, Omar ni la chuoni, yani madrasa, mtu mmoja huyo huyo. Ningekua na Gazette peke yake ningewafanya watu wawili na ningemtafuta huyo wa pili mpaka leo. La pili, pembeni ya ada za miezi kama minane kuna maandishi madogo "kwa mkono wa mkewe". Babu alikua safarini, bibi ndo aliyekua akilipa. Niliporudi nyumbani nikamsomea bibi, alikua angali hai, akaniambia, "Wewe watafuta wafu, kwani walio hai wamekwisha?" Lakini alitabasamu, na jioni akaanza mwenyewe kunihesabia ni miezi gani.

Hiyo inanileta kwa wanawake, na kwa jambo hili direktori imeanguka kabisa. Vitabu vya simu na biashara ni vya wanaume, mwanamke unamuona mara moja moja akiwa na duka ama akiwa mwalimu. Madaftari ya vyama vya wanaume nayo hayana wanawake ila hivyo vya pembeni pembeni. Ukitaka bibi zako tafuta sehemu tatu: daftari za lelemama na vyama vya akina mama kama bado ziko, rejesta za ndoa na talaka za kadhi (sheria ya kuandikisha ndoa za kiislamu ilitoka 1906, kwa hivyo kuna urefu hapo), na wakfu. Wakfu usiusahau. Kitabu cha dini cha zamani ukifungua kurasa ya kwanza mara nyingi kuna maandishi, kimewekwa wakfu na fulani binti fulani kwa msikiti fulani. Miswada ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu ilipigwa picha za kidijitali kwa mradi wa British Library, na mtu anayetafuta ukoo anaweza kusoma zile kurasa za mwanzo tu akaacha elimu yote iliyobaki ndani, Mungu amsamehe.

Daftari za chama zina tabu zake lakini, nisiwasifie tu. Kwanza tarehe. Mwaka wa hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hivyo usijumlishe 622 tu ukaenda zako. Zidisha mwaka kwa 0.97 ndo ujumlishe 622, inakukaribisha. Mfano 1350 inakupa kama 1931 na nusu, na kweli 1350 ilianza Mei 1931. Ukitaka siku kamili kuna programu za kugeuza. Pili, "bin" haisemi ukweli wote siku zote. Mtoto wa kulea anaandikwa bin aliyemlea. Na kuna lile jambo hatupendi kulitaja barazani, mtu aliyekua mtumwa ama mwanawe anaweza kua kaandikwa bin jina la bwana wake, kwa hivyo unafuata nasaba ya mtu ukidhani ni ya damu kumbe ni ya nyumba. Majina kama Mabruk, Faraji na Baraka yalipewa sana watumwa, japo usimhukumu kila Mabruk, watu huru pia waliyaita. Utumwa kisheria ulifutwa huku bara ya pwani 1907, mabwana wakalipwa fidia, na makaratasi ya fidia hiyo yana majina. Na kwa waliotoroka mashamba wakakimbilia misheni za Rabai, kuna wale kama 1,400 waliokombolewa kwa malipo 1888 na kupewa vyeti vya uhuru. Mtu wa Malindi ambaye wazee wanakwambia "babu yenu alitoka shamba" na wananyamaza hapo, hiyo ndo njia yake, daftari la chama la mjini halitamsaidia sana manake kuandikwa kwenyewe kulikua kwa heshima na si wote waliokaribishwa.

Tatu, watu waliongopa. Wakati wa mkoloni Mwarabu alihesabiwa si "native", Mswahili akahesabiwa "native", na kodi na haki vikafuata hapo. Basi utakuta mtu huyo huyo kwenye orodha ya serikali ni Mwarabu, kwenye daftari la mtaa ni Mbajuni, na kwa mkewe ni mtu wa Siyu. Usichague moja ukatupa nyingine. Ziandike zote na mwaka wake, uangalie alibadilika lini, hapo ndo utajua kilichokua kikimsumbua.

Kupata vyenyewe je? Direktori inashinda kwa urahisi, bila ubishi. Gazette ni bure kwa simu. Vitabu vya simu na Red Book viko maktaba, na Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi utapata pia ripoti za madisii (wakuu wa wilaya) wa Lamu na Malindi za kila mwaka ambazo zinataja watu, wazee wa mitaa, waliofungwa, waliogombania msikiti. Ofisi moja lakini, siitaji, nilienda na barua, nikaambiwa faili liko, nikaambiwa rudi Jumatatu, Jumatatu nikaambiwa faili halijawahi kuwepo. Nauli yangu ya kutoka Lamu nani alinirudishia? Kwa hivyo piga simu kwanza, taja namba ya faili, na usilale hoteli kwa matumaini.

Daftari la chama halina katalogi. Liko chini ya kitanda cha mtu. Linapatikana kwa adabu na kwa muda. Usiende na simu mkononi unapiga picha kabla hujakaa. Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikasalimu tu, nikataja ami yangu anayejuana na yule mzee, nikanywa kahawa nikaondoka. Mara ya pili nikauliza habari za chama kilivyoanza. Mara ya tatu yeye mwenyewe akasema, kwani hutaki kuona daftari? Na ukipewa ruhusa ya kupiga picha piga kurasa zote, hata zisizo na watu wako, kwa sababu mchwa hawasubiri, na ukimaliza mpe mzee nakala iliyochapwa, si ya kwenye simu. Majina ya walio hai usiyasambaze kwenye magrupu. Kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na kabla ya sheria kuna aibu: daftari lina nani alikatwa kwa kutolipa ada, na wajukuu wake unasali nao safu moja.

Jambo jingine, jua mji wako. Malindi ya sasa ilijazwa upya kuanzia 1861 wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, watu wakaja kulima kutoka Lamu, Unguja, Uarabuni. Kwa hivyo ukikuta daftari la Malindi limekatika, sio mwisho, ina maana uvuke urudi Lamu ama Zanzibar, pale Kilimani kwenye nyaraka zao. Na familia za Kibajuni za huko Kiunga na vijiji vya bara walioondoka wakati wa vita vya shifta miaka ya 60, daftari za vijiji vile nyingi zilibaki huko ama zikapotea na mashua. Kwa hao ningeanza kinyume, na madrasa na vyama vya kule walikokimbilia, Lamu mjini, Malindi, Mombasa, manake mtu mgeni akiingia mtaa mpya kitu cha kwanza ni kujiandikisha chama cha kuzikana. Hakuna anayetaka kufia ugenini bila wa kumbeba.

Basi kwa ufupi wa mtu anayetaka kuambiwa tu. Mzee wako alikua na duka, alikua karani, polisi, mwalimu, liwali ama mtu wa liwali: direktori na Gazette kwanza, daftari baadae. Alikua mvuvi, baharia, fundi wa jahazi, mkulima: daftari la chama na madrasa, direktori weka mbali. Ni Mhindi wa Lamu, Mbohora ama Ismaili: vyote viwili kwa pamoja, hawa ndo pekee wanaoonekana vizuri pande zote, direktori kwa duka na jamaa yao kwa ukoo, ila wengi walishahamia Mombasa na ng'ambo na madaftari huenda yalihama nao. Ni sharifu, wa ukoo wa Mtume: una shajara ya nasaba nyumbani, mwenzetu umeshafika, tumia direktori kuthibitisha miaka tu. Unatafuta mwanamke: kadhi na wakfu, alafu muulize bibi yako leo hii, kesho usingoje.

Na wewe binamu, kwa kua ndo umeanzisha haya: wa kwetu alikua mtu wa duka na mtu wa chama, una bahati. Namba ya sanduku la posta nshakutumia. Vitabu vya simu vya Malindi vya miaka ya 60 vitafute wewe uko hapo, uangalie yule tajiri alikaa mpaka lini. Ukija Lamu nitakupeleka Langoni. Twende baada ya alasiri, kabla ya hapo mzee analala. Na umletee miwani ya kusomea, yake kioo kimoja kimepasuka.